Altrasaundi kwa aliyeumia uti wa mgongo: figo na kibofu vipimwe hivi, isiishie "tumbo liko sawa"

Mpimaji_Mkoa

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa walioumia uti wa mgongo na ndugu wanaowauguza. Kazi yangu ni kupiga altrasaundi katika hospitali ya mkoa. Mara kwa mara analetwa chumbani kwangu mtu aliyepooza miguu, amewekewa mpira wa mkojo, na karatasi aliyopewa na daktari ina maneno mawili: "altrasaundi tumbo". Mfuko wa mkojo umejaa pembeni, kibofu kimenywea hadi kimelishika lile puto linaloushikilia mpira ndani. Napima ini, nyongo, wengu, kongosho. Figo naziona. Kibofu naandika "hakina mkojo, hakikupimika". Jioni anarudi kwao akiwa ameambiwa tumbo liko sawa, na kile kilichopaswa kutazamwa kwake kuliko vyote hakikutazamwa. Linaniuma sana jambo hili, ndiyo maana naandika kwa kirefu. Mnivumilie.

Tuanze na kibofu chenyewe. Neva zinazokiendesha hutoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, S2 hadi S4 (herufi ni sehemu ya mgongo: C shingo, T kifua, S chini kabisa; namba huhesabiwa kutoka juu kwenda chini). Lakini mratibu mkuu yuko juu, kwenye shina la ubongo. Yeye ndiye anayehakikisha kwamba kibofu kinapojibana kutoa mkojo, msuli wa mlango wa chini unalegea wakati huohuo. Mtu akiumia juu ya neva hizo za S2 hadi S4, tuseme shingoni au kifuani, njia ya kwenda kwa mratibu inakatika. Wiki za mwanzo kibofu hulala kabisa, hakifanyi chochote. Baadaye kinaamka na kuanza kujibana chenyewe, ila mlango nao unajibana saa ileile. Ni kama mtu anasukuma mlango kwa nguvu zake zote na mwenzake yuko ndani ameushikilia. Presha inapanda ndani ya kibofu, na ikidumu hivyo miezi na miaka, mkojo unashindwa kushuka vizuri kutoka kwenye figo, na wakati mwingine unarudi juu kabisa.

Aliyeumia chini, kwenye kiuno au kwenye neva zile za mwisho, mara nyingi kadhia yake ni nyingine: kibofu kimelegea, kinajaa mpaka kinafurika. Ndugu wanaona nguo zimelowa wanadhani anakojoa. Kumbe yanayotoka ni ya juujuu, kibofu bado kimejaa.

Sasa ubaya wa haya yote ni kwamba hakuna kinachouma. Figo ya mtu mwenye hisia ikivimba kwa mkojo uliokwama atagaragara chini. Aliyepoteza hisia anaweza kukaa na figo iliyovimba mwaka mzima huku anakula, anacheka, anaangalia mpira. Enzi za Vita ya Kwanza ya Dunia askari wengi waliovunjika mgongo walikufa ndani ya wiki chache, kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Hali ilianza kubadilika pale Ludwig Guttmann alipofungua wodi yake ya majeruhi wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, akaweka mkazo kwenye kugeuza wagonjwa na kutunza kibofu. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi figo ndizo zilizoendelea kuua watu wengi wa kundi hili. Leo kwa wenye huduma nzuri zimeshuka kwenye orodha, na zimeshuka kwa sababu watu wanafuatiliwa, ugonjwa wenyewe haujaisha.

Altrasaundi inaona nini hapa?

Figo: ukubwa wake (ya mtu mzima huwa sentimita 9 hadi 12 hivi), unene wa gamba lake la nje, na kama katikati pamepanuka kwa mkojo uliokwama. Nikikuta figo moja ina sentimita 11 na ya pili 8, gamba limekonda, siwezi kuandika "ziko sawa". Naona pia mawe: jiwe hurudisha mwangwi mkali na nyuma yake linaacha kivuli cheusi.

Kibofu: unene wa ukuta. Kibofu kilichojaa vizuri ukuta wake ni kama milimita 3. Kinachopambana na mlango uliofungwa hujenga misuli, ukuta unakuwa mnene, ndani unaota matuta na vishimo, vingine vinageuka kuwa vifuko kabisa. Naangalia mawe, uchafu unaoelea, na uvimbe, hasa kwa waliokaa na mpira miaka mingi.

Halafu mabaki: mkojo uliosalia baada ya mtu kukojoa au baada ya kutoa kwa mpira. Mashine inapima urefu, upana na kina cha kibofu, inazidisha vyote, kisha inazidisha kwa 0.52. Kibofu chenye urefu wa sentimita 9, upana 8 na kina 7.5 kinatoa mililita 280 hivi. Kwa kibofu chenye matuta na vifuko hesabu hii hupotoka, kwa hiyo msigombane na mpimaji mkipata 280 leo na 240 kesho kutwa.

Kwa haya yote hakuna mionzi, hakuna sindano, hakuna dawa ya kunywa. Unaweza kurudia kila mwaka bila wasiwasi, na aliye hatarini arudie mapema zaidi. Karibuni tujadiliane.

---

MamaTunu

Asante sana kaka mpimaji. Mume wangu alianguka kutoka juu ya mnazi, mgongo ukavunjika pale kwenye T12. Miguu inasogea kidogo, kutembea hajaweza. Mpira walimtoa baada ya miezi kadhaa, sasa anakojoa mwenyewe kwa kukandamiza tumbo la chini kwa ngumi, na mimi humsaidia. Juzi kapimwa, wameandika mabaki mililita 280. Nikauliza ndiyo nini, nikajibiwa "siyo mbaya sana". Naomba unieleweshe, kaka yangu.

---

Mpimaji_Mkoa

Mama Tunu, pole sana wewe na shemeji.

Mtu mzima asiye na shida akimaliza kukojoa kibofu hubaki karibu kitupu, tunataka chini ya mililita 50. Ikizidi 100 tunaanza kuuliza maswali. 280 kwa mtu wa mgongo nisingeipita hivihivi. Mkojo uliotuama ni nyumba ya vijidudu na mawe, tena ina maana kila anapoanza kujaza upya anaanzia 280, kwa hiyo hachukui muda kufika kiwango cha hatari.

Jambo la pili kwangu ni kubwa kuliko namba yenyewe: hiyo ngumi. Kukandamiza kulifundishwa sana zamani, leo wataalamu wengi hawakushauri kama njia ya kila siku. Mlango usipolegea, presha ya mkono inakwenda upande mwingine, kwenye figo. Mrudisheni kwa daktari wa mfumo wa mkojo, muulize habari ya kutoa mkojo kwa mpira wa muda, ule unaoingizwa na kutolewa palepale. Na kwenye ripoti hiyo angalia figo zimeandikwaje. Kuna neno lolote la kupanuka?

---

MamaTunu

Wameandika figo ya kulia imepanuka kidogo. Ya kushoto kawaida.

---

Mpimaji_Mkoa

Hapo kuna swali moja: walipima figo kibofu kikiwa kimejaa au baada ya kukojoa? Kibofu kikijaa mno hata mtu mzima wa afya figo zake zinaweza kuonekana zimepanuka kidogo, zikarudi akishakojoa. Inatakiwa kupima, kumwaga kibofu, kisha kutazama figo tena. Ikiwa kilimwagwa na figo bado imepanuka, hilo ni jambo la wiki hii. Msilipeleke mwezi ujao.

---

Kijana_T10

Mkuu, nakubaliana na mengi ila naomba kuuliza. Mimi ni wa bodaboda, T10, nipo kwenye kiti mwendo. Kila nikienda kliniki wananipima damu, kreatinini (ile taka ya damu inayochujwa na figo) iko vizuri, iko chini hata kuliko ya daktari mwenyewe. Kama figo zinafanya kazi kwa nini nilipie na altrasaundi? Hela hizi tunazitafuta kwa shida.

---

Nesi_Wodi7

Kaka T10, hili naomba nilijibu mimi maana nalirudia wodini kila wiki.

Kreatinini inatoka kwenye misuli. Misuli ya mapaja na miguu yako imepungua tangu uumie, kwa hiyo kreatinini unayotengeneza ni ndogo. Figo zikipoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, namba yako bado inaweza kuonekana nzuri kwa sababu kiwango cha kawaida kwenye karatasi ya maabara kimewekwa kwa watu wanaotembea. Kuipata chini kuliko ya daktari hakuthibitishi kwamba figo zako ni nzima kuliko zake. Kipo kipimo kingine cha damu kinaitwa sistatini C, hakitegemei sana misuli, ila si kila maabara wanacho na bei yake iko juu.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba damu inachelewa. Figo moja inaweza kuzibwa na jiwe, ya pili ikabeba kazi yote, damu ikasoma vizuri. Altrasaundi inaiona siku hiyohiyo.

Wewe fuatilia kreatinini yako dhidi ya yako mwenyewe ya mwaka jana. Ikipanda, hata kama bado iko ndani ya kawaida, sema.

---

Kijana_T10

Duh. Hili sijawahi kuambiwa na mtu, na ni miaka mingi naenda kliniki. Asante dada nesi.

---

Mzee_wa_Chuga

Wanangu, mimi niliumia shingo, C6, gari lilipinduka. Nilipelekwa altrasaundi nikaambiwa kibofu hakina kitu, nibane mpira kwa saa mbili, ninywe maji lita moja. Nikatii. Baada ya muda kichwa kikaniuma vibaya, uso ukawa mwekundu, jasho shingoni, moyo unadunda. Kijana wangu akapata akili akafungua mpira, ndani ya dakika chache nikatulia. Nauliza, ile ilikuwa nini? Na je, nirudi tena nikapimwe hivyo?

---

Nesi_Wodi7

Shikamoo mzee. Nashukuru Mungu kijana wako alikuwa karibu.

Wote mlioumia T6 kwenda juu, soma hapa polepole. Alichopata mzee ni mpando wa ghafla wa presha ya damu. Mwili ulio chini ya jeraha ukipata karaha, na kibofu kilichojaa ndicho kinaongoza kuleta karaha hiyo, neva zinabana mishipa ya damu yote ya chini, na ubongo hauwezi kutuma amri ya kuilegeza kwa kuwa njia imekatika. Presha inapaa. Dalili ni kichwa kuuma kwa kudunda, jasho na uwekundu juu ya jeraha, vipele vya baridi, pua kuziba, mapigo ya moyo kwenda polepole. Inaweza kusababisha kiharusi, inaweza kuua. Mtu wa namna hii presha yake ya kawaida mara nyingi ni ya chini, 90 au 100 hivi ya juu, kwa hiyo akisoma 140 usimwambie ni kawaida. Kwake hiyo imepanda sana.

Ukiona dalili hizo: mkalishe wima, miguu ining'inie, legeza mkanda na nguo, kagua mpira kama umejikunja au umeziba, toa mkojo. Kama si kibofu, fikiria choo kigumu, kidonda, ukucha ulioingia nyamani. Presha isiposhuka upesi ni dharura, kimbiza hospitali, na uwaambie wazi kwamba mgonjwa ameumia juu ya T6 kwa sababu si kila anayekaa mapokezi anaijua hali hii.

Kuhusu kurudi kupimwa: ndiyo mzee, rudi, lakini mpira usibanwe ukiwa peke yako kwenye benchi. Ubanwe ukiwa na mtu anayejua, mashine ya presha iwe pembeni, na mara dalili ya kwanza ikitokea ufunguliwe. Saa mbili na lita moja ya maji kwa C6 bila mwangalizi, mimi nisingekubali.

---

Mpimaji_Mkoa

Shikamoo mzee, pole sana. Nesi amesema yote. Naongeza tu upande wa chumba changu: kwa mtu kama wewe sihitaji kibofu kilichojaa mpaka juu. Mkojo wa kadiri unanitosha kuona ukuta, mawe na uchafu. Njia nyingine salama ni nesi kujaza kibofu polepole kwa maji safi ya chumvi ya hospitali kupitia mpira uleule, kiasi kidogo, huku anakuangalia, kisha anayatoa. Figo hazihitaji kibofu kujaa hata kidogo. Kwa hiyo hata siku ambayo kibofu kimeshindikana, usikubali kuondoka bila figo kupimwa vizuri pande zote mbili.

---

Dkt_Mkojo_Nairobi

Hamjambo wote. Nimefuatilia huu mjadala nikiwa Nairobi, na mimi ni daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo. Mpimaji, kazi nzuri. Lakini kuna jambo lazima niliseme kwa uzito, watu wasije wakaondoka hapa na imani isiyo sahihi.

Altrasaundi haioni presha. Inaona kile ambacho presha imeshafanya. Mtu anaweza kuwa na kibofu chenye presha ya hatari, na figo zake leo zionekane safi kabisa, kwa sababu madhara bado hayajafika. Mwaka 1981 Edward McGuire na wenzake kule Marekani walifuatilia watoto waliozaliwa na mgongo wazi, wakaona waliokuwa wanavujisha mkojo kwa presha inayozidi sentimita 40 za maji ndio walioharibikiwa figo. Hiyo 40 imekuwa alama yetu tangu wakati huo, na ili kuijua unahitaji kipimo cha presha ya kibofu, kile cha kuingiza mrija mwembamba, kujaza maji polepole na kusoma kwenye kompyuta. Kadhalika mkojo unaorudi kutoka kibofuni hadi kwenye figo, altrasaundi ya kawaida mara nyingi haiuoni, unahitaji picha ya eksirei yenye dawa kibofuni.

Kwa hivyo mtu akiwa na altrasaundi safi asiseme amemaliza.

---

Mpimaji_Mkoa

Daktari, karibu sana, na nashukuru. Umesema kweli tupu na sitaki mtu alisome andiko langu vingine.

Naomba tu uangalie na upande wa pili. Mikoa mingi ya huku kwetu hiyo mashine ya presha ya kibofu haipo. Mtu wa Kigoma au Lindi aambiwe asafiri hadi Dar na kiti mwendo, mlezi, nauli na mahali pa kulala, wengi hawaendi, na wakishindwa kwenda hawapimwi chochote. Altrasaundi ipo hata kwenye vituo vingi vya afya vya wilaya. Ninachopigania ni hiki kilichopo kifanywe kwa ukamilifu na kirudiwe, ili tuwatambue wale ambao safari ya Dar haiepukiki: ukuta umenenepa, figo imepanuka, figo inasinyaa mwaka hadi mwaka, mabaki yanaongezeka, mawe yanarudi.

---

Dkt_Mkojo_Nairobi

Hapo tunakubaliana. Hata kwetu si kila kaunti iko nacho. Mimi nafanya hivi: kipimo cha presha mara moja baada ya kile kipindi cha kibofu kulala kuisha, kwa kawaida miezi mitatu hivi au zaidi baada ya ajali, ndipo napanga matibabu. Baada ya hapo altrasaundi kila mwaka kwa waliotulia, kila miezi sita kwa wa hatari. Kikibadilika chochote, tunarudia presha. Yule ambaye hana uwezo kabisa wa kufika, ukimpata ameumia juu, analowa kabla saa ya kutoa mkojo kwa mpira haijafika, na ukuta wa kibofu ni mnene, mimi naanza kumtibu kama mwenye presha kubwa. Sisubiri figo ivimbe.

Matibabu yapo: mpira wa muda kwa ratiba, vidonge vya kulegeza kibofu kama oksibutinini (mdomo utakauka na choo kitakuwa kigumu, mjue mapema), na sindano za botoksi (dawa ya kulegeza misuli) ndani ya ukuta wa kibofu vidonge vikishindwa.

Na jambo la mwisho kuhusu ile altrasaundi ya mapema, ya wiki ya kwanza ya ajali. Ifanyeni, iwe kumbukumbu ya jinsi figo zilivyokuwa. Lakini isitumike kusema kibofu kiko salama. Wakati huo kibofu bado kimelala.

---

MamaTunu

Kaka, nimerudi. Jana tumempeleka. Walimwagisha kibofu kwanza kwa mpira, wakapima tena, figo ya kulia bado imepanuka. Daktari ameamua aanze kutoa mkojo kwa mpira wa muda mara tano kwa siku na amempangia kipimo kile cha presha. Ila nina hofu na usafi. Nyumbani kwetu maji ni ya kisima, mipira ya hospitali ya kutumia mara moja hatuwezi kununua ya siku zote.

---

Nesi_Wodi7

Mama Tunu, hofu yako inaeleweka na wengi wanaacha kwa sababu hiyo, kisha wanarudi kwenye ngumi. Kule Chuo Kikuu cha Michigan, Jack Lapides aliandika mwaka 1972 kwamba mtu anaweza kutoa mkojo kwa njia safi tu, isiyo na vijidudu vyote kuuawa kama chumba cha upasuaji. Wakati ule madaktari wengi walishtuka. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kinachokaa kimejaa na kutanuka ndicho kinachokaribisha maambukizi kuliko vijidudu vichache vinavyoingia na mpira. Imefanya kazi kwa watu wengi mno tangu wakati huo.

Mpira mpya kila mara ndiyo bora. Usipopatikana, muulize nesi wenu akuonyeshe kuosha kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, kuukausha kabisa na kuuhifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko, na akuambie ubadilishe baada ya muda gani. Mikono kwanza, kwa sabuni, yake na yako. Shemeji afundishwe afanye mwenyewe, mikono yake ni mizima.

Kiasi kinachotoka kila mara kisizidi mililita 400 hadi 500. Andika kwenye daftari saa na kiasi. Mkiona 600, 700, ina maana nafasi kati ya mara moja na nyingine ni ndefu, au anakunywa chai nyingi usiku. Siku ya altrasaundi njoo na hilo daftari, litamsaidia mpimaji kuliko maneno.

Halafu usimpe dawa za UTI kila mkojo unapokuwa na mawingu au kipimo kinaposoma vijidudu. Anayetumia mpira karibu kila siku atakuwa navyo. Homa, kutetemeka, misuli kukaza kuliko kawaida, kulowa kuliko kawaida, damu kwenye mkojo, hizo ndizo dalili za kwenda kutibiwa. Na kama UTI inarudi kila baada ya wiki chache na mkojo unanuka ukali wa amonia, ombeni altrasaundi ya kutafuta mawe. Kuna kijidudu kinaitwa Proteus, kinageuza mkojo na kutengeneza mawe makubwa, na vijidudu vinajificha ndani ya jiwe. Dawa hazivifikii mpaka jiwe litoke.

---

Kijana_T10

Naomba kusema lingine ambalo wanaume wenzangu hawalisemi. Chumba cha altrasaundi pale tunapoenda kimejaa kinamama wajawazito. Unasukumwa na kiti, suruali imelowa, watu wanakutazama. Kitanda kiko juu, anaitwa mlinzi na mfagiaji waje kukunyanyua. Mara mbili niligeuza kiti nikarudi nyumbani.

---

Mpimaji_Mkoa

Kijana, nakushukuru kwa kulisema. Kwetu nilipoanza ilikuwa hivyohivyo. Tuliomba watu wa mgongo wapangiwe asubuhi na mapema kabla foleni haijaanza, ikakubaliwa bila gharama yoyote. Ombeni hilo kliniki kwenu. Kitanda: kibofu naweza kukipima ukiwa umekaa kwenye kiti chako, ukiegemea nyuma kidogo. Figo pia zinawezekana kupitia ubavuni, ingawa ukilala upande picha ni nzuri zaidi. Anayekunyanyua akukague na makalio, kitanda kigumu kwa nusu saa kinaweza kuanzisha kidonda kwa asiye na hisia, hivyo njoo na mto wako wa kiti.

Na mwambie mpimaji kabla hajaanza kwamba misuli yako hukaza. Kile kichwa cha mashine kikikandamizwa chini ya kitovu, kibofu kinaweza kujibana na mkojo ukatoka palepale. Ni kawaida kabisa, tunajua, taulo lipo.

---

Mzee_wa_Chuga

Mpimaji mwanangu, niandikie basi hayo maneno tuyapeleke kwa daktari ayaweke kwenye karatasi. Sisi hatujui kuyasema.

---

Mpimaji_Mkoa

Mzee, daktari akiandika hivi mpimaji yeyote ataelewa: "Ameumia uti wa mgongo, C6, mwaka fulani. Ana mpira wa kudumu. Altrasaundi ya figo na kibofu: ukubwa wa figo zote mbili, unene wa gamba, kupanuka kabla na baada ya kumwaga kibofu, mawe, ukuta wa kibofu, mabaki. Linganisha na ya mwaka jana." Kwako aongeze: "Hatari ya presha kupanda ghafla, mpira usibanwe bila uangalizi."

Hiyo sentensi ya kulinganisha ndiyo watu wanaisahau. Ripoti za zamani zitunzeni kwenye bahasha moja. Figo ya sentimita 10 peke yake ni nzuri. Ikiwa mwaka juzi ilikuwa 11.5, naanza kutafuta sababu.

---

Kijana_T10

Nimepata nafasi Alhamisi saa moja asubuhi. Nije bila kula?

---

Mpimaji_Mkoa

Kula kama kawaida. Kufunga ni kwa ajili ya nyongo, figo na kibofu havihitaji. Ila fanya ratiba yako ya choo jana yake usiku au alfajiri, utumbo uliojaa gesi unanificha figo ya kushoto na mirija yote ya katikati. Kunywa glasi mbili za maji saa moja kabla, usitoe mkojo mpaka nimeshapima mara ya kwanza, na uje na mpira wako wa kutolea ili nipime tena ukishamaliza. Daftari lako pia.